Kengele Iliyokuwa Inasikiliza Tu

Jumapili, 2 Machi

Nimeanguka tena. Si kuanguka kwa kutangaza. Niliteleza tu kati ya kitanda na fremu ya kutembelea, nikakaa sakafuni kwa utulivu kama mtu aliyekusudia. Nikamwita mke wangu. Alikuwa jikoni, bomba linamwagika, redio inaimba, na yeye anaishinda redio. Nilikaa pale mpaka nikazoeana na buibui wa uvunguni.

Ubaya ni kwamba aliyenikuta ni binti yetu. Ni muuguzi, msimamizi wa wodi, na akikunja mikono hata waliolala husimama. Aliniinua, akanipima presha. Kisha akasema basi, imetosha, tunahamia kwake, mimi na mama. Ghorofa ya tatu. Chumba kiko tayari, mapazia ameshatundika. Nikauliza, na meza yangu je? Akasema Baba, meza haipandi ngazi.

Meza yangu ipo chumba cha nyuma, chini ya dirisha. Juu yake kuna chuma cha kulehemu, makopo ya skrubu, redio tatu zilizofunguliwa matumbo na vitu vingine ambavyo mke wangu huviita takataka na mimi huviita mradi. Mtu akinitenga na meza ile, hana haja ya kungoja moyo wangu usimame.

Shemeji alikuwepo. Ni mdogo wa mke wangu, mpima ardhi mstaafu, mtaa mzima unamwita Bwana Rula. Alinipa pole. Halafu akatoa tepu ya kupimia mfukoni, akapima meza urefu na upana. Akasema anaangalia tu. Sijafa, napimiwa meza.

Nilikula kiapo palepale. Nikamwambia binti kwamba tatizo si mimi kuanguka, tatizo ni mama yake kutosikia, na hilo lina dawa. Nitatengeneza kengele. Kitufe kitandani, kipokezi jikoni, hakuna waya kati yao. Nikibonyeza, jikoni kunalia na taa nyekundu inawaka. Binti aliniangalia sana. Akasema sawa, ananipa wiki. Ikifanya kazi mpaka Jumapili ijayo bila mtu kugusa betri zake, tunabaki. Ikizimika, tunahama na hakuna mjadala. Maana, alisema, kengele ya kunyonyeshwa kila siku si kengele, ni mtoto mchanga, na siku utakayoanguka ndiyo siku atakayokuwa amelala njaa.

Nimekubali haraka mno. Nakiri hapa, na nitakiri mengine. Nina miaka themanini na tatu. Daktari amesema moyo umechoka, nisijiwekee mipango mirefu. Nimejiwekea mifupi mingi. Haya yatasomwa nikiwa mahali ambapo hakuna wa kunigombeza, kwa hiyo sina sababu ya kuficha kitu.

Jumatatu, 3 Machi

Siku tukufu. Kengele inalia.

Sehemu nyingi nilikuwa nazo tayari, kwa hiyo kazi ilikuwa kulehemu na kupuliza moshi. Nimeongeza taa ndogo ya kijani inayowaka muda wote, kuonyesha kwamba kifaa kiko hai. Haikuwa ya lazima. Inapendeza.

Kisha hesabu ya betri. Nimefundisha fizikia miaka mingi, siwezi kuweka betri kwa kubahatisha kama mtu anayetia chumvi. Betri nne ndogo, za aina ya rimoti, katika mfululizo. Kengele ikilia inakula miliampea mia mbili. Nitabonyeza kama mara ishirini kwa siku, sekunde tatu tatu. Jumla, dakika moja ya kulia kwa siku. Betri hizi zina akiba ya miliampea elfu mbili kwa saa moja. Nikagawanya. Nikarudia. Siku mia sita! Binti anataka wiki moja, nami nampa mwaka na miezi minane.

Muda mwingine wote kipokezi hakifanyi kitu. Kinasikiliza tu.

Bwana Rula alikuja kunusa. Akatazama karatasi, akacheka kwa pua. Akasema Mwalimu umesahau kuzidisha. Betri ni nne, kwa hiyo akiba ni mara nne, siku elfu mbili na mia nne. Nilifurahi mpaka kikohozi kikanishika. Nikamweleza taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wa benchi la nyuma, kwamba ukipanga betri katika mfululizo volti zinajumlishwa lakini akiba inabaki ileile ya betri moja. Kama ndoo nne zilizopandishwa juu ya nyingine, maji yanasukuma kwa nguvu zaidi, lakini hayadumu muda mrefu zaidi. Akasema yeye amepima mashamba makubwa kuliko hekima yangu. Nikamwambia apime na mdomo wake.

Mke wangu akatuambia sote tutoke kwenye jiko lake.

Saa sita mchana binti alipita akielekea zamu. Akaweka betri mpya yeye mwenyewe, akafunga sanduku la betri kwa plasta ya hospitali, akatia sahihi juu ya plasta. Sahihi inavuka ukingo. Huwezi kufungua bila kuikata. Nilimwambia hana imani na baba yake. Akasema ana imani, ndiyo maana anatumia plasta moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimebonyeza kuomba chai. Imekuja. Nimebonyeza kuomba mto. Umekuja. Nimebonyeza kumuuliza mke wangu neno la herufi tano kwenye fumbo la gazeti. Alikuja na mwiko mkononi, akasema Mwalimu, ukinileta tena kwa herufi, kengele hii utaimeza.

Kutwa nzima nilikuwa mfalme.

Jumatano, 5 Machi

Saa nane mchana nimebonyeza. Kimya. Nimebonyeza tena. Mbwa wa jirani kabweka, lakini nadhani kwa mambo yake.

Nikajikokota na fremu hadi jikoni. Safari ndefu, nimepumzika mara mbili njiani kama msafara. Mke wangu alikuwa nje anaanika nguo. Bahati. Taa ya kijani imezimika. Kengele imekufa.

Nikaichukua mita yangu ndogo ya kupimia umeme. Kwanza nililaumu betri. Kisha nikalaumu kiwanda. Kisha nikaazima betri nne, nitaeleza zimetoka wapi, nikapima kipokezi kinakula nini wakati hakilii. Miliampea arobaini. Muda wote. Usiku na mchana. Kinasikiliza tu, lakini kinasikiliza kwa tamaa, kama shangazi aliyeweka sikio ukutani.

Elfu mbili gawanya kwa arobaini ni saa hamsini. Tangu Jumatatu saa sita hadi leo saa nane ni saa hamsini. Hesabu yangu ya pili imetoka sahihi kabisa, jambo ambalo halikunisaidia.

Katika zile arobaini, kumi na tano ni za taa ya kijani. Najua la kufanya. Sijalifanya. Inapendeza.

Sasa siri. Sikugusa plasta. Plasta nzima, sahihi nzima. Nimefungua kipokezi kwa chini, nikakata waya unaotoka kwenye sanduku la binti, nikaunga nyaya mbili nyembamba zinazopita nyuma ya rafu hadi nyuma ya kopo la unga, ambako nimeficha betri nyingine nne. Sanduku la plasta limebaki pale kama waziri asiye na wizara.

Betri mbili zimetoka kwenye rimoti ya televisheni. Mbili zimetoka kwenye tochi. Dhamiri imenisumbua kidogo kama mbu, ikaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Televisheni imekwama kwenye chaneli ya mafunzo ya ufugaji wa sungura. Mke wangu ameangalia sungura jioni nzima bila kusema neno. Hilo lilinitia wasiwasi.

Betri za rimoti na tochi hazikuwa changa. Asubuhi nimezipima, zinahema. Nahitaji nne nyingine mara moja.

Redio ya jikoni inatumia tatu. Nilizitoa mke wangu alipokuwa bafuni. Ya nne ipo kwenye saa ya ukutani. Saa iko juu. Mimi siko juu. Nikaitungua kwa mpini wa ufagio, ikaning'inia, ikafikiri, ikaanguka ndani ya kapu la nguo chafu. Nami nikaifuata. Kapu ni laini kuliko nilivyodhani. Nikatoa betri, nikairudisha saa ukutani kwa mpini uleule, imekaa upande kidogo.

Kwa hiyo tangu leo nyumba hii ni saa nne na dakika kumi.

Mke wangu akabonyeza redio. Kimya. Akaitikisa, akaiweka chini, akasema imechoka, kila kitu humu ndani kimechoka. Halafu akaanza kuimba mwenyewe, nyimbo zote za ujana wetu, kwa sauti ya kufukuza ndege. Nikabonyeza kengele nimwombe apumzike. Akaja akiimba.

Naandika huku nacheka. Kifua kinauma kwa kicheko, si kwa ugonjwa. Tofauti naijua.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Rula kaja na rafiki yake fundi seremala kuonyeshwa meza. Anataka kuikata miguu iingie chini ya ngazi zake. Alisema mbele yangu, shemeji usijali, nitaitunza. Nikasema meza yangu ina miguu minne na mimi nina miwili, ataanza na nani? Seremala akacheka, Rula hakucheka. Kisha akaitazama kengele, akainama, akaitazama tena. Akauliza mbona taa ya kijani imefifia. Nikasema inapumzika. Akasema aha. Ile aha yake ina tepu ya kupimia ndani.

Walipoondoka nilipima. Kweli zinakufa. Siku mbili kamili zimebaki, na nyumba haina betri zaidi.

Isipokuwa mashine ya presha.

Naandika jambo hili polepole. Mashine ya presha ipo kwenye droo ya kitanda changu. Ina betri nne mpya, binti huzibadilisha yeye mwenyewe. Nikajiambia kwamba presha yangu naijua, iko juu. Ya nini kuendelea kuiuliza? Nimezitoa. Nimezipeleka nyuma ya kopo la unga. Taa ya kijani ikawaka kama jicho la paka.

Presha yangu mwenyewe nimeikopesha kengele. Nimebonyeza mara tatu kwa furaha tu. Mke wangu kaja mara tatu. Mara ya tatu alisimama mlangoni, akauliza kama nina jambo la kumwambia. Nikasema nampenda. Akasema hilo analijua, akaondoka.

Jumamosi, 8 Machi

Maajabu mawili, na siwezi kumuuliza mtu.

La kwanza, redio inaimba. Nimetoa betri zote tatu kwa mikono yangu. Na inaimba.

La pili, saa ya ukutani inatembea. Imenyooshwa pia.

Siwezi kuuliza. Kuuliza ni kukiri. Mke wangu anapepeta mchele akifuatisha wimbo, uso wake mtupu kama karatasi isiyoandikwa. Nilisema kwa sauti ya kawaida kwamba naona redio imepata nafuu. Akasema ndiyo, mapumziko yamesaidia.

Alipokwenda kwa jirani nikajikokota kupima zile za nyuma ya kopo. Ajabu la tatu! Betri zina nguvu kuliko jana. Zimefanya kazi siku nzima na zimenenepa. Sijawahi kuona jambo hili katika vitabu vyote nilivyofundishia. Nimekaa kwenye kiti cha jikoni nikifikiri. Huenda ni joto la jiko. Huenda ni unga. Nimeanza kuandika makala fupi yenye kichwa kuhusu kujihuisha kwa betri katika mazingira ya nafaka.

Mwanadamu anaweza kukaribia kaburi na bado akagundua jambo.

Jumapili, 9 Machi

Binti amekuja saa nane, na mkoba wa kazi. Bwana Rula amekuja saa saba na nusu, na tepu.

Binti alikwenda moja kwa moja jikoni. Akapitisha kidole juu ya plasta, juu ya sahihi yake. Nzima. Akarudi chumbani, akabonyeza kitufe mwenyewe. Jikoni kengele ikalia, taa nyekundu ikawaka, mke wangu akaitikia kwamba anakuja. Binti akatikisa kichwa, akasema Baba, sikutegemea. Mimi nikamtazama Rula. Rula akatazama dari.

Hapo ndipo ningekufa vizuri.

Lakini binti akasema basi tupime presha kabla hatujasherehekea. Akafungua droo, akanifunga mkono, akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Akageuza mashine, akafungua kifuniko, akaona utupu. Akauliza betri ziko wapi. Nami nikatazama dari, kama Rula.

Akachukua rimoti azime sungura, sungura hawakuzimika. Akachukua tochi, giza. Akaanza kuzunguka nyumba kama anayekagua wodi, anafungua migongo ya vitu kimoja kimoja. Alipofungua redio akasimama. Betri za mashine ya presha huzitia alama ya wino mwekundu, alisema, kwa sababu wodini huibwa. Na ndani ya redio kulikuwa na betri tatu zenye alama nyekundu. Ya nne akaikuta kwenye saa.

Akamgeukia mama yake. Mama, kweli? Betri za presha ya Baba, usikilizie nyimbo?

Sasa nakiri jambo baya kuliko yote. Nilinyamaza. Si sana. Muda wa kumeza mate mara mbili. Mke wangu, hatia mkononi, na mimi mwizi nimekaa kitandani nikimwonea huruma. Rula akatikisa kichwa, akasema dada, nawe.

Nikasema ni mimi. Nikasema yote: rimoti, tochi, saa, kapu la nguo, kopo la unga. Nikasema kwamba kengele yangu ilikufa Jumatano saa nane mchana, na kwamba hesabu yangu ilisahau kuwa kusikiliza nako ni kula. Nikaongeza kwamba hata hivyo betri nilizoweka Ijumaa zilijihuisha, na kuna makala.

Mke wangu akaketi. Akasema makala yapi, Mwalimu. Ni mimi niliyezibadilisha. Alikuwa amegundua tangu Jumatano, alipochota unga akavuta waya. Alitaka kuona nitafika wapi. Ijumaa jioni alikwenda dukani, akanunua nne mpya, akaziweka nyuma ya kopo, na zile alizozikuta pale akazitia kwenye redio na saa, hakujua zimetoka kwenye presha. Alama nyekundu aliziona, akadhani ni urembo wa kiwandani.

Binti akauliza, kwa sauti ya chini sasa, kwa nini hakuniumbua. Mke wangu akasema kwa sababu yeye hapandi ghorofa ya tatu akaishi akitazama chupi za majirani. Hakuna aliyemuuliza yeye. Watu wamegombania meza wiki nzima, na jiko lake je? Halafu akamwambia binti, tangu Jumatatu kila kengele ya baba yako ilipolia nilisikia, na kila niliposikia nilikuja, hata kwa ajili ya herufi tano. Taa ile nimeichunga kama maziwa motoni. Sasa niambie nani mwingine atamchunga hivyo.

Binti alijaribu kukunja mikono. Haikukunjika. Akaanza kucheka, akakaa sakafuni, palepale nilipokaa mimi wiki iliyopita, akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga ya mama yake. Akasema ameuguza wagonjwa sugu, lakini wazazi kama sisi hawajawahi kulazwa popote.

Halafu akainuka akawa muuguzi tena. Akachukua chaja kuukuu ya simu, akaniuliza, Baba, hiyo soketi karibu na rafu ni ya kutundikia nini? Nikasema kitu cha kuchomeka ukutani ni birika, si uvumbuzi. Akasema nilehemu au ananifungia mizigo. Nikalehemu. Sasa kengele inakula ukutani, na betri zinasubiri umeme ukikatika. Betri atazibadilisha yeye kila anapokuja, na atakuja mara mbili kwa wiki. Taa ya kijani imekatwa. Aliikata yeye, bila heshima ya mazishi.

Tunabaki. Ameandika kwenye plasta mpya, akaibandika juu ya meza yangu: isiguswe.

Bwana Rula akakunja tepu yake. Akasema hata hivyo angezidisha kwa nne.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka na furaha na moyo unaruka hatua moja hapa na pale, kama mtoto kwenye ngazi. Nimeketi mezani tangu asubuhi. Mke wangu ameleta chai bila kuitwa. Ameniuliza nachora nini. Nimemwambia hakuna.

Ni lango. Yeye na magoti yake anakwenda kufungua kila mtu anapobisha, si haki. Nitaweka mota. Mgeni akibisha, kifaa kinasikia, lango linajifungua. Betri moja ya pikipiki, maana ukuta wa nje hauna soketi, kwa hiyo safari hii hakuna wa kunicheka.

Hesabu nimeifanya kwa uangalifu wa mtu aliyeonywa. Mota inakula nyingi, lakini kwa sekunde kumi tu kufungua na kumi kufunga. Wageni wanaostahili kufunguliwa ni mmoja kila siku mbili. Bwana Rula simhesabu. Nimegawanya, nimerudia, nimegawanya tena kwa njia nyingine. Inatoka miaka miwili na zaidi ya miezi mitatu. Muda mwingine wote kifaa hakifanyi kitu, kinasubiri tu mtu abishe.

Miaka miwili ni mbali kwa moyo huu. Nimechukua wosia, nimeongeza kifungu: mwaka huo, mmoja wenu akumbuke kubadilisha betri.